Kufufua mandolini kuukuu: kidaraja kwanza, vanishi baadaye

Mandolini (ala ndogo ya nyuzi nane) kuukuu nyingi ninazoletewa zina kasoro moja: kidaraja, kile kipande cha mbao kinachoinua nyuzi juu ya uso, yaani ubao wa mbele, kimekaa pasipo pake. Mwenyewe anapiga, noti zinapishana, anaamini mbao zimekufa, anaitundika ukutani iwe pambo. Inaniuma kuona hivyo, kwa sababu ala hizo nyingi zinaponyeka. Nitaeleza kwa kutumia ile niliyoiokota kwenye mitumba ya Ilala: mgongo bapa, haina jina la kiwanda, nyuzi tatu tu zimebaki kati ya nane.

Hatua ya 1: Ikague kabla hujatoa hela

Iinue usawa wa jicho, uitazame shingo kuanzia kichwani. Ikiwa imepinda kama upinde, irudishe. Mandolini za bei rahisi mara nyingi hazina chuma cha kunyooshea shingo, na nyuzi nane zikikazwa huvuta kwa zaidi ya kilo 60. Tazama pia pale shingo inapoungana na kiwiliwili: kadi ya benki ikipenya hapo, hiyo si kazi ya kuanzia. Halafu gonga uso kwa kidole, sehemu moja baada ya nyingine. Ukisikia mkwaruzo, ubao wa ndani umeachia gundi. Nyufa nyembamba zisikutishe.

Hatua ya 2: Safisha na uzibe

Toa nyuzi zote. Mimina konzi ya mchele mkavu kwenye tundu la sauti, tikisa, mwaga. Mchele hukomba vumbi kona ambazo mkono haufiki. Yangu ilitoa buibui mkavu na kipande cha tiketi ya treni.

Kwenye ufa paka gundi nyeupe ya mbao, bonyezabonyeza kwa kidole mpaka gundi inywewe, futa kwa kitambaa kibichi, kisha funga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Acha siku nzima. Supaglu usiiguse: inakula vanishi, na fundi atakayekuja baadaye hataweza kuufungua ufa ule. Vanishi ya zamani nayo iache ilivyo, kwa kuwa koti jipya zito hufifisha sauti.

Vigingi vya kukazia nyuzi vikiwa vigumu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila gia, zungusha, futa.

Hatua ya 3: Kidaraja

Hapa usiwe na haraka. Kidaraja cha mandolini hakigundishwi. Kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi peke yake, ndiyo maana huhama. Changu kilikuwa kimevunjika, nikaenda kwa wachonga vinyago wa Mwenge kuomba kipande cha mpingo kilichobaki. Ni mti huohuo unaotengenezewa klarineti: mgumu, mzito, unapitisha sauti vizuri. Vaa barakoa unapoukata, vumbi lake linawasha.

Nyayo za kidaraja lazima zilale juu ya uso bila mwanya. Tandaza msasa namba 120 pale kitakapokaa, upande wa makali ukitazama juu, usugue kidaraja taratibu kwenda na kurudi. Malizia na namba 400. Kiinue kwenye mwanga wa dirisha. Ukiona mwanga chini yake, bado. Mimi ilinichukua jioni mbili.

Sasa pa kukiweka. Pima kutoka ule mfupa wa kichwani, nyuzi zinapoanzia, hadi freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo). Yangu ilikuwa sentimita 17.5. Umbali uleule tena, kutoka freti ya 12, ndipo penye kidaraja. Jumla sentimita 35. Upande wa nyuzi nene usogeze nyuma kidogo, kuelekea mkiani.

Hatua ya 4: Nyuzi

Chukua nyuzi nyepesi: inchi 0.010, 0.014, 0.024 na 0.034, mbilimbili. Ukikosa za mandolini, za gitaa zenye unene huo zinafaa. Minya ile pete ya shaba kwa koleo mpaka ikatike, utabaki na kitanzi. Kinga macho.

Tyuni G, D, A, E, kutoka nene kwenda nyembamba, kama fidla; A ni hezi 440. Usifike siku hiyohiyo. Siku ya kwanza ziache noti mbili chini, kesho yake pandisha, huku ukichungulia kama uso unazama.

Zikishatulia, hakiki kidaraja. Gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, sikia ule mlio wa kengele, kisha ukandamize palepale. Noti ya kukandamiza ikiwa juu zaidi, rudisha kidaraja nyuma. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Sogeza upana wa kucha tu, tyuni tena, sikiliza tena.

Kimo cha nyuzi juu ya freti ya 12 kiwe milimita 1.5 hadi 2. Kikizidi, punguza kidaraja. Zikiwa ngumu kwenye freti ya kwanza tu, tatizo liko kwenye mfupa wa kichwani: kandamiza uzi freti ya 3, na juu ya ile ya kwanza ubaki mwanya wa unene wa karatasi. Chimba mfereji kwa tupa nyembamba, mikwaruzo miwili mitatu, upime. Ukizidisha, utachonga mfupa mwingine.

Kwa wa pwani: masika uso hunywa unyevu, hutuna, na kimo cha nyuzi hupanda. Mandolini ya Ilala sasa ina vidaraja viwili vya mpingo kwenye begi lake, na kile kifupi nakivalisha mvua zikianza.