Namna ya kupanga taarifa za kidijitali za mradi wa jengo kabla ya kuanza kuchora

Timu nyingi huanza kwa kuuliza zitumie programu gani, ilhali hilo ni swali la mwisho. La kwanza linamhusu mshitiri, yaani mwenye mradi: anahitaji kujua nini, lini, na ili aamue jambo gani? Kiwango cha kimataifa cha ISO 19650 kuhusu usimamizi wa taarifa za ujenzi, ambacho sehemu zake mbili za mwanzo zilitolewa mwaka 2018, nacho huanzia hapo.

Chukua mfano wa jengo la ofisi la ghorofa kumi jijini Dar es Salaam. Mwenye jengo atakayetunza lifti na pampu kwa miaka mingi anahitaji namba za mitambo hiyo, muda wa dhamana na mahali zilipo valvu. Skrubu za kitasa hazimsaidii kitu, na kila anayezichora kwenye modeli (mfano wa jengo ndani ya kompyuta) anakula saa za kazi. Andikeni mahitaji hayo, kisha mtengeneze jedwali linaloonyesha nani anatoa taarifa ipi na kwa tarehe gani, mkizingatia siku ya kuomba kibali cha ujenzi na siku ya kutangaza zabuni. Mkadiriaji majenzi, anayepima kiasi na gharama za ujenzi, aulizwe mapema anavyotaka kuta zigawanywe, la sivyo atapima upya kila kitu kwa mkono.

Jambo linalodharauliwa zaidi ni nukta ya asili ya modeli, yaani pale vipimo vyake vyote vinapoanzia kuhesabiwa. Michoro mingi ya upimaji nchini Tanzania imefungwa kwenye Arc 1960, mfumo wa zamani wa kutaja mahali kwa namba, lakini kifaa cha GPS kwa kawaida husoma kwa mfumo mwingine, WGS 84, na anayechanganya mifumo hiyo miwili bila kubadilisha vipimo husogeza jengo lake karibu mita 300, yaani hadi kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Kwa hiyo mpango utaje mfumo mmoja, nukta moja, kimo cha sakafu ya chini na uelekeo wa kaskazini, na mbunifu majengo, mhandisi wa miundo na mhandisi wa mifumo ya maji na umeme wote wasaini.

Hifadhi ya pamoja ya faili iwe na hali nne: kazi inayoendelea, iliyoshirikishwa, iliyoidhinishwa na kumbukumbu. Fundi ajenge kwa iliyoidhinishwa tu, hata kama mchoro mpya zaidi umeshamfikia kwa WhatsApp. Jina la faili litaje mradi, kampuni, ghorofa, fani na namba. Toleo liandikwe kwa alama mliyokubaliana, maana “mwisho kabisa 2” si toleo.

Sasa ndipo mchague programu. Kabla ya kazi yenyewe, kila fani ichore chumba kimoja chenye nguzo, mlango na bomba, ikitoe kwa faili la IFC, muundo wa wazi unaosomwa na programu tofauti, kisha wenzake walifungue. Nguzo ikipotea njiani, rekebisheni mpango kabla ya ghorofa ya kwanza kuchorwa.