Sufuria kuukuu yenye kitako cha shaba? Usiitupe

Ukipata Revere Ware ya zamani, zile sufuria za Marekani zilizoanza kuuzwa mwaka 1939, igeuze kwanza. Shaba iko nje tu, kitakoni. Chakula kinagusa chuma cha pua, kwa hiyo hata kitako kikiwa cheusi tii, mboga yako haidhuriki. Kata ndimu, ichovye kwenye chumvi, sugua: weusi unatoka na wekundu wa shaba unarudi palepale. Suuza, kausha kwa kitambaa.

Kinachoziua ni kusahauliwa motoni maji yakikauka. Kitako hubinuka, sufuria inacheza juu ya jiko. Ijaribu juu ya meza iliyonyooka: bonyeza ukingo, ikiyumba sana achana nayo. Na mpini ukilegea, kaza skrubu kabla hujabeba maji ya moto, nakusihi.

Sufuria ya shaba tupu ni habari nyingine. Hiyo ndani hupakwa bati. Bati likishachakaa ukaona shaba inachungulia, usipikie humo ukwaju, nyanya wala chochote kichachu, maana uchachu huyeyusha shaba ikaingia kwenye chakula. Ipeleke ikapakwe bati upya, au iwe pambo.