Tangi la farasi-bahari: tazama kina kwanza
Mtu akinionyesha tangi pana lakini fupi, namwambia aweke samaki wengine. Farasi-bahari hucheza kwa kupanda na kushuka, hasa dume na jike wakichumbiana. Kwa jozi moja, tafuta kina cha sentimita 50 na maji lita 110 au zaidi.

Hapa Mombasa adui ni joto. Aina ya farasi-bahari iitwayo Hippocampus erectus hutaka nyuzi 22 hadi 24, na sebuleni kwangu maji hupita 28 bila shida. Kwa hiyo nunua kipoza maji kabla ya mataa ya fahari. Maji yakipata moto, bakteria hushamiri. Liendeshe tangi lenye maji bila samaki wiki nne hadi sita, mpaka amonia na nitraiti, sumu zitokanazo na uchafu, zisome sifuri kwenye kipimo.

Mkondo uwe mpole, mdomo wa pampu ufunikwe sponji. Mpe farasi-bahari mimea ya plastiki ya kuzungushia mkia wake.

Hana tumbo la kuhifadhia chakula: mlishe uduvi wadogo aina ya mysis waliogandishwa, mara mbili au tatu kwa siku, kisha fyonza mabaki. Samaki wepesi watamaliza chakula yeye bado anakikagua! Konokono hawamsumbui.

Nunua waliozalishwa tangini. Wa baharini mara nyingi hugomea chakula cha barafu, na tangu 2004 biashara yao ya kimataifa inadhibitiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.