Kabla hamjapiga kura ya kukatwa mshahara

Mimi ni rubani, na nimekaa kwenye kamati ya chama cha marubani. Kampuni ikiomba mpunguziwe mishahara ili ijipange upya, msianze kubishania asilimia. Dai la kwanza liwe vitabu vya hesabu: mhasibu wenu, si wa kampuni, aone madeni, mikataba ya kukodi ndege na fedha taslimu.

Kisha ulizeni wakubwa wanapata nini. Aprili 2003 marubani wa American Airlines walikubali kukatwa takriban asilimia 23, mara ikajulikana kuwa viongozi wa juu walitengewa bonasi na mfuko wa kulinda pensheni zao. Donald Carty, bosi wao, alijiuzulu mwezi huohuo. Makato ya menejimenti yaandikwe ndani ya mkataba uleule.

Pensheni ndiyo inayoniuma zaidi. Mwaka 2005 mahakama ya Marekani iliiruhusu United Airlines, iliyokuwa imefilisika, kujitoa kwenye mipango ya pensheni ya wafanyakazi wake. Shirika la serikali la bima ya pensheni likaichukua mipango hiyo, na malipo yake yana kikomo. Wastaafu wengi walipata pungufu. Kateni posho kwanza kabla ya kugusa pensheni.

Mwisho, andikeni tarehe ya mshahara kurudi. Maneno “hali ikitengemaa” yafuteni.