Mafindofindo kwa mtoto: kagua koo mwenyewe, ujue lini umpeleke kituo cha afya

Maumivu mengi ya koo huletwa na virusi na huisha yenyewe ndani ya wiki moja. Anayetafutwa hapa ni bakteria wa streptokokasi kundi A, anayewapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Koo lenyewe linaweza kupoa hata bila dawa. Hatari huja wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili inapogeukia maungio na vali za moyo. Hiyo ndiyo homa ya rumatiki, na vali ikishaharibika hairudi ilivyokuwa.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa. Mtoto anayetokwa na udenda kwa kushindwa kumeza mate, anayekoroma akivuta pumzi, asiyeweza kufungua mdomo, au aliyevimba shingo, usimtie kijiko kinywani. Mpeleke hospitali sasa hivi, hata kama ni usiku.

Hatua ya 2: Kagua koo. Washa tochi ya simu, mwambie aseme "aaa". Ikibidi, kandamiza ulimi katikati kwa mpini wa kijiko safi; ukifika nyuma sana atatapika. Angalia mafindo pande zote mbili za kimeo: yamevimba? Yana madoa meupe au ya njano ya usaha? Ukiona utando wa kijivu uliong'ang'ania, huenda ni dondakoo, nayo ni dharura.

Hatua ya 3: Hesabu alama. Mpe moja kwa kila jibu la ndiyo:
- homa ya nyuzi 38 au zaidi
- mafindo yamevimba au yana usaha
- tezi za mbele ya shingo, chini ya taya, zimevimba na zinauma ukizibonyeza
- hana kikohozi
- ana umri wa miaka 3 hadi 14

Alama 0 au 1, yaelekea ni virusi, hasa akiwa na mafua, sauti iliyokauka au macho mekundu. Kuanzia 2, mpeleke akapimwe. Kipimo cha koo ndicho kinachothibitisha, macho peke yake hayatoshi. Pitisha pia kiganja kifuani na tumboni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, lakini vipele vya ugonjwa huu hukwaruza kama msasa.

Hatua ya 4: Dawa sahihi, siku zote. Mtoto apimwe uzito, na useme kama penisilini imewahi kumdhuru. Kwa kawaida hupewa amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja kwa siku, isizidi miligramu 1,000, kwa siku 10. Mwenye kilo 16 hupata miligramu 800. Njia nyingine ni sindano moja ya benzathini penisilini: yuniti 600,000 akiwa chini ya kilo 27, yuniti 1,200,000 akiwa na kilo 27 au zaidi. Kama unajua dozi ya siku 10 haitamalizika nyumbani kwako, omba sindano.

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Siku ya tatu mtoto anacheza, chupa inawekwa kabatini, na bakteria wanabaki. Wengine hununua Septrin dukani, ambayo haiwamalizi bakteria hawa. Na tafadhali, usimpeleke kukatwa kimeo: kimeo hakina kosa, na jeraha lake huleta kutokwa damu na pepopunda.

Ukichelewa, usikate tamaa: dawa ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inaukinga moyo.

Kwa maumivu, parasetamoli miligramu 15 kwa kilo kila baada ya saa 6. Aspirini asipewe. Shuleni arudi baada ya saa 24 za dawa, homa ikiwa imekwisha.

Hatua ya 5: Mfuatilie. Asipopata nafuu baada ya siku 2 au 3 za dawa, mrudishe. Kwa wiki 5 zinazofuata, angalia maumivu ya maungio yanayohama goti hadi kifundo, kuhema akitembea, uso kuvimba asubuhi, au mkojo wa rangi ya kahawia. Ukiona mojawapo, nenda, na mwambie daktari kwamba aliugua koo na ni lini.