Somo: Distempa kwa mbwa, na kwa nini chanjo ya kichaa haimkingi

Juzi nililetewa watoto wa mbwa watatu wa uzao mmoja, miezi minne, macho yamegandana kwa matongotongo. Mwenye nao akanionyesha kadi zao kwa fahari: mhuri wa chanjo ya kichaa upo. Nikamuuliza, na ile nyingine? "Nyingine ipi, daktari?"

Ile nyingine ndiyo somo la leo. Distempa inatokana na kirusi cha ukoo mmoja na surua ya watoto wetu na sotoka ya ng'ombe. Husambaa kwa kikohozi, kamasi na mkojo, na huwapata zaidi watoto wa mbwa wa miezi 3 hadi 6.

Hatua ya 1: Usidanganywe na nafuu. Homa ya kwanza huja siku 3 hadi 6 baada ya kuambukizwa, kisha hushuka. Wengi hawaioni kabisa. Siku chache baadaye hurudi na kundi lake: kamasi nzito, matongotongo, kikohozi, kutapika, kuhara. Mbwa anayehara tu bila mafua, fikiria pia parvo, ugonjwa mwingine wa kirusi unaoharisha mbwa.

Hatua ya 2: Pima joto. Paka kipimajoto mafuta, kiingize taratibu kwenye njia ya haja kubwa. Ikifika nyuzi 39.5 au zaidi mbwa akiwa ametulia, hiyo ni homa.

Hatua ya 3: Papasa pua na nyayo. Kwa baadhi yao ngozi hukakamaa kama soli ya kandambili kuukuu. Isipokakamaa, bado usimwondolee shaka.

Hatua ya 4: Tazama mishipa ya fahamu, ukiwa mbali. Hutafuna hewa kama mwenye bazoka mdomoni, misuli hudunda hata akiwa usingizini, au huangukia degedege. Dalili hizi zaweza kuja wiki kadhaa baada ya mafua kuisha. Kwa macho tu, mimi na wewe hatuwezi kuzitofautisha na kichaa cha mbwa, kwa hiyo usitie mkono mdomoni kutafuta "mfupa uliokwama". Akikuuma, au mate yake yakigusa kidonda, osha kwa maji na sabuni dakika 15 kisha nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Mtenge, mpime. Chombo chake, mtu wake wa kumhudumia. Daktari wa mifugo atachukua majimaji ya jicho kwa kijiti chenye pamba, au damu. Jibu hasi peke yake halimwachii huru, na aliyechanjwa karibuni anaweza kutoa jibu chanya kwa sababu ya chanjo yenyewe. Dawa ya kuua kirusi hiki haipo. Tunampa dripu, antibayotiki za kuzuia bakteria wanaodandia, dawa ya degedege, na uangalizi mwingi. Wengine hupona, wengine hubaki na mtikisiko maisha yote.

Hatua ya 6: Chanjo ya mchanganyiko, ile yenye distempa ndani yake. Anza akiwa na wiki 6 hadi 8, rudia kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kinga aliyoipata kwenye dang'a (maziwa ya kwanza) la mama: ikiwa bado ina nguvu huizima chanjo, na hakuna ajuaye itaisha lini kwa kila mtoto. Kisha arudiwe baada ya mwaka. Chanjo hii ni hai, yaani ina kirusi kilichodhoofishwa, hivyo inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Nimewahi kuona kichupa kikitolewa mfuko wa suruali saa saba mchana! Ukiona hivyo, kataa.

Mnaoishi jirani na hifadhi, hili linawahusu mara mbili. Mwaka 1994 distempa iliingia Serengeti na karibu theluthi ya simba wakafa. Mbwa wa vijijini ndio walioshukiwa.

MASWALI

Mdau, Bunda: Daktari, mbwa wangu huchanjwa bure kila mwaka kwenye kampeni. Hiyo haitoshi?
Jibu: Kwa kawaida ile ya kampeni ni ya kichaa tu. Endelea nayo, inakulinda wewe na wanao. Angalia kadi: kama distempa haijaandikwa, hakupata.

Mdau, Kigamboni: Mmoja kati ya watano kaanza mafua. Hawa wanne niwachanje leo?
Jibu: Tenga mgonjwa, pima joto la wanne. Wasio na homa wachanjwe haraka. Ila kama kirusi kilishawaingia, chanjo haitawaponya, usije ukailaumu.

Mdau, Moshi: Bibi anasema kitunguu saumu na mafuta ya kula.
Jibu: Shikamoo yake, lakini hapana. Kitunguu saumu huharibu damu ya mbwa, na mafuta ya kulazimisha yanaweza kuingia mapafuni.

Mdau, Moshi (tena): Je, mimi naambukizwa?
Jibu: Distempa huna wasiwasi nayo. Kichaa, rudia hatua ya 4.

Mdau, Dodoma: Wangu kafa. Nikae muda gani ndipo nilete mwingine?
Jibu: Pole sana, ndugu. Kirusi hiki ni dhaifu nje ya mwili, sabuni, jiki na jua humaliza kazi. Osha banda na vyombo, subiri mwezi, mlete aliyekwisha chanjwa. Lakini kama hakupimwa na alikuwa akihara damu, huenda ilikuwa parvo, na hiyo hukaa kwenye udongo hata mwaka. Alihara damu?