Kutafuta kaburi la babu aliyefia vitani: kwa familia za Tabora na Kigoma

Kabla ya kufungua tovuti yoyote, jua kwanza babu alikuwa jeshi la nani. Kwetu hapo ndipo wengi wanapokwama. Mwaka 1914 Wanyamwezi wengi walikuwa askari wa Mjerumani au warugaruga wake (wapiganaji wa kienyeji wa kusaidia). Mwaka 1916 Wabelgiji wakaja na askari wa Kongo, wakaishika Kigoma mwezi Julai na Tabora tarehe 19 Septemba, nao walihitaji wapagazi. Mwingereza alikuwa na Keya (KAR, yaani King's African Rifles, jeshi lake la Waafrika) pamoja na wapagazi wake. Watoto wa mama mmoja waliweza kufia majeshi mawili tofauti, na kila jeshi lina daftari lake.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, inashughulikia hasa waliokuwa upande wa Mwingereza, tena waliofariki kati ya 4 Agosti 1914 na 31 Agosti 1921, au kati ya 3 Septemba 1939 na 31 Desemba 1947. Kama babu alirudi akafa kwa majeraha mwaka 1949, usimalize bando kumtafuta humo.

Kitu cha thamani kuliko jina ni nambari ya jeshi. Pekua masanduku ya wazee: barua ya taarifa ya kifo, kitabu cha jeshi, nishani. Nishani za Waingereza za Vita vya Kwanza zimechorwa nambari na jina ukingoni au nyuma. Za Vita vya Pili walizitoa bila jina, kwa hiyo usiisugue ukitafuta maandishi yasiyokuwepo. Hata hivyo nyota yenye maneno THE BURMA STAR imeshakuonyesha pa kuanzia. Batalioni za 26 na 36 za KAR, zote za Tanganyika, zilikuwa Burma (sasa Myanmar) na Divisheni ya 11 mwaka 1944.

Kutafuta kwenye tovuti ya CWGC ni bure. Usijaze kila kitu, kwani ukikosea herufi moja hupati chochote. Andika jina moja tu, chagua vita, na kwenye sehemu ya kikosi andika King's African Rifles. Likigoma, geuza tahajia, maana karani aliandika alichosikia: Kulwa ni Kurwa, Saidi ni Seid, Mrisho ni Murisho. Jaribu jina la baba yake pia, kwa sababu “Juma s/o Mrisho” (s/o ni “mtoto wa kiume wa”) anaweza kuwa chini ya lolote kati ya hayo mawili. Kwenye karatasi za Kijerumani, Juma ni Djuma.

Ukimpata, soma mstari wa mahali kwa makini. Plot, Row na Grave maana yake kaburi lipo: eneo, safu, namba. Ukikuta Face, Panel au Column, hilo ni jina ukutani, na kaburi lake halijulikani. Wengi wa Burma wako hivyo kwenye mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon. Wengine majina yao yako Nairobi, kwenye East Africa Memorial.

Na asipokuwepo? Hasa mpagazi, usishangae. Mwaka 2021 tume yenyewe ilikiri kwamba Waafrika wengi hawakuandikwa kwa majina, na pengine hawakuandikwa kabisa. Unaweza kuwaandikia uombe aongezwe, ila wanataka nyaraka za wakati ule. Simulizi la shangazi peke yake halitoshi. Na anayekuomba “ada ya kufuatilia fidia” anakuibia: tume hailipi fidia, wala hairudishi mabaki nyumbani.

Vita vya Kagera havimo humo kabisa. Hao uliza kupitia JWTZ. Makaburi yao yako Kaboya, wilayani Muleba.

Ukienda makaburi ya vita ya Dar es Salaam, Barabara ya Bagamoyo, nenda na namba ya eneo imeandikwa kwenye karatasi, usitegemee simu. Piga picha jua likiwa pembeni, asubuhi au alasiri. Saa sita mchana maandishi yaliyochongwa hayaonekani vizuri. Jiwe likiwa na ukungu, lifute kwa maji matupu na kitambaa laini. Usitumie brashi ya waya, sabuni ya unga wala chaki.